Maswali ya Wasomaji: Tundu la Tatu la Soketi, Vigae vya Njano na Choo cha Kioo

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu vitu vya kawaida ambavyo watu huvitumia kila siku majumbani, barabarani na mahali pa hadhara, hapa kwetu na katika nchi nyingine, bila kufahamu kwa nini vimetengenezwa jinsi vilivyo. Barua zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua zile zinazoweza kujibiwa kwa uhakika. Zilizouliza bei tumewaachia wenye maduka.

Fundi aliyekuja kututengenezea taa alitaka kuchaji simu yake. Plagi yake ilikuwa ya pini mbili za mviringo, naye akatumbukiza kwanza kalamu katika tundu la juu la soketi ndipo plagi ikaingia. Nilipomuuliza, alijibu kwamba bila hivyo "haikubali". Tundu hilo la juu lina kazi gani? — Msomaji, Dodoma

Tundu hilo lina kazi mbili, na fundi wako amezivunja zote kwa kalamu moja.

Soketi tunazotumia Tanzania, Kenya na Uganda, ambazo ndizo zilizoko pia Oman, Qatar na Falme za Kiarabu, zilibuniwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale serikali ilipokuwa ikijiandaa kujenga upya nyumba zilizobomolewa kwa mabomu huku shaba ya kutengenezea nyaya ikiwa adimu. Kamati ya watu 20 iliyokabidhiwa kazi hiyo, ambayo mwanamke pekee ndani yake alikuwa mhandisi Caroline Haslett, ilitoa taarifa yake mwaka 1944, na kanuni rasmi ya plagi hiyo, iitwayo BS 1363, ikachapishwa mwaka 1947. Ndiyo maana ndugu anayerudi kutoka Muscat na pasi yake huichomeka moja kwa moja, ilhali anayetoka Bujumbura hulazimika kutafuta adapta.

Ukiitazama plagi ya pini tatu utaona kwamba pini ya juu ni ndefu kuliko nyingine. Hiyo ndiyo inayotangulia kuingia. Kwanza inaunganisha chombo chako na waya wa ardhi, ili chombo kikipata hitilafu umeme uteremkie ardhini badala ya kupita mwilini mwako. Pili inasukuma vipazia vidogo vya plastiki ambavyo muda wote huwa vimeziba matundu mawili ya chini. Mtoto akiingiza msumari katika tundu la chini wakati soketi iko wazi, msumari unagota kwenye kipazia. Kalamu ya fundi inafungua vipazia lakini haiunganishi waya wowote, na zaidi ya hapo pini za mviringo hazibanwi sawasawa na vyuma vya soketi yetu, hivyo zinacheza, zinatoa cheche na kupata moto. Kwa chaja ya simu madhara yanaweza kuchelewa. Kwa pasi au birika la umeme hayachelewi.

Mambo mazuri zaidi yamefichwa ndani. Chukua plagi ambayo imeshachomolewa ukutani, uifungue kwa bisibisi, na utaona fyuzi ndogo iliyokaa kwenye njia ya waya wa moto, ule wa kahawia unaoleta umeme. Kila kifaa kina fyuzi yake, ya ampea 3 kwa taa na redio au ya ampea 13 kwa pasi na birika, kwa hiyo waya wa kifaa hauwezi kuungua kimyakimya wakati fyuzi kubwa ya nyumba nzima bado haijaona tatizo. (Wanaokunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na kuiweka mahali pa fyuzi wamerudisha hatari ileile iliyokuwa imeondolewa.) Tazama pia urefu wa nyaya zenyewe: ule wa ardhi, wa kijani na njano, unatakiwa uachwe mrefu kuliko wa kahawia, ili mtu akijikwaa na kuivuta kamba kwa nguvu, waya wa moto ung'oke mapema na wa ardhi uwe wa mwisho kuachia. Kasoro kubwa ya plagi hii inajulikana na kila aliyewahi kutembea gizani bila viatu, kwa maana ikianguka hulala pini zikiwa zinatazama juu.

Nikibadilisha ndege ughaibuni niliona sakafuni mistari ya vigae vya njano, vingine vina vipele na vingine vina matuta marefu. Abiria walikuwa wakilalamika kwamba vinakwamisha magurudumu ya masanduku. Ni pambo, au ni vya kuzuia watu wasiteleze? — Msomaji, Nairobi

Si pambo na si vya kuzuia utelezi. Ni maandishi ya kusomwa kwa nyayo na kwa ncha ya fimbo nyeupe. Mjapani Seiichi Miyake, mkazi wa Okayama, alivibuni mwaka 1965 kwa ajili ya rafiki yake aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona, na akavitengeneza kwa fedha zake mwenyewe. Tarehe 18 Machi 1967 vilitandazwa kwa mara ya kwanza katika mtaa wa mji huo, karibu na shule ya wasioona. Baadaye shirika la reli la Japani likavichukua na kuviweka kwenye stesheni zake, na kutoka hapo vikaenea duniani.

Maandishi hayo yana herufi mbili tu. Matuta marefu yanayoelekea upande unaokwenda yana maana kwamba njia ni salama, endelea. Vipele vya mviringo vina maana ya simama, mbele yako kuna ngazi, ukingo wa jukwaa la treni, njia panda au kivuko. Rangi ya njano nayo ina sababu, kwa kuwa watu wengi tunaowaita vipofu huona kidogo, na njano huonekana hata kwa macho hafifu pale inapokuwa kando ya saruji ya kijivu. Abiria anayesimamisha sanduku lake juu ya mstari huo amefanya kama dereva aliyeegesha lori katikati ya barabara kuu. Mbaya zaidi ni fundi anayevitandaza kwa kufuata picha bila kuuliza maana yake, akauelekeza mstari wa "endelea" kwenye nguzo ya taa.

Kwa kuwa umegusa jambo hili, nitaongeza lile ninalolipenda kuliko yote ya aina yake. Katika vivuko vingi vya Uingereza kuna kisanduku chenye kitufe ambacho mwenda kwa miguu hukibonyeza ili kuomba taa. Pitisha mkono chini ya kisanduku hicho, mahali ambapo jicho halifiki, na utagusa pia ndogo, kama ile ya kuchezea watoto, yenye mifuo, isiyozidi ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Taa ya kijani ya wenda kwa miguu ikiwaka, pia hiyo huanza kuzunguka, na ikizima husimama. Ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Nottingham katika miaka ya 1980. Mlio pekee hautoshi, kwanza kwa sababu kuna mtu asiyeona na asiyesikia, na pili kwa sababu vivuko viwili vikiwa karibu, mlio wa kimoja unaweza kumwingiza mtu barabarani kwenye kingine. Mamilioni ya Waingereza hupita hapo kila siku bila kujua kwamba pia hiyo ipo, wala hawahitaji kujua.

Singapore wamefuata njia nyingine. Tangu mwaka 2009, mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, au mwenye ulemavu, huigusisha kadi yake kwenye kifaa kilichofungwa juu ya kitufe cha kivuko, na taa ya kijani huongezewa kati ya sekunde 3 na 13 kulingana na upana wa barabara. Na nyumbani kwa Mjapani, pakiti ya maziwa halisi hukatwa kijipengo cha nusu duara juu, upande ulio kinyume na ule wa kufungulia, ili kidole kijue kwamba haya ni maziwa na si sharubati, na kwamba mdomo wa pakiti uko upande wa pili. Chupa za shampuu nazo zina mifuo ubavuni, jambo lililoanzishwa na kampuni ya Kao mwaka 1991, na mwenye povu machoni hufaidika nalo sawasawa na asiyeona.

Mwanangu amenionyesha picha ya choo cha hadhara cha Japani chenye kuta za kioo, mtu akiwa nje anaona mpaka ndani. Je, ni kweli, na umeme ukikatika mtu akiwa ameketi inakuwaje? — Msomaji, Mwanza

Ni kweli, na swali lako la umeme ni la mtu anayezijua taabu za mgao. Vyoo hivyo vilisanifiwa na Shigeru Ban na kufunguliwa mwaka 2020 katika bustani mbili ndogo za wilaya ya Shibuya, mjini Tokyo, vikiwa sehemu ya mradi wa vyoo 17 uliofadhiliwa na Nippon Foundation. Msanifu huyo alilenga hofu mbili ambazo kila mtu huwa nazo anapokaribia choo cha hadhara: je, ni kisafi, na je, hakuna mtu aliyejificha ndani? Kuta za kioo chenye rangi hujibu yote mawili kabla hujashika kitasa. Ukishaingia na kufunga kitasa, kioo hugeuka kuwa na ukungu na hakuna anayeona chochote.

Kuhusu umeme, mambo ni kinyume cha unavyohofia. Katika kioo cha aina hii umeme ndio unaokifanya kionyeshe. Kitasa kikifungwa umeme hukatwa na ukungu hurejea. Kwa hiyo mgao ukikukuta ndani, utaketi gizani lakini hutaonekana. Hata hivyo ilionekana baadaye kwamba katika majira ya baridi kioo kilichelewa kubadilika, ikabidi kiachwe kikiwa na ukungu muda wote. Sidharau kazi ya Ban, lakini choo kinachotegemea hali ya hewa kinahitaji mji tajiri wa kukiangalia.

Choo kilichonishangaza zaidi kimetoka Zimbabwe na hakina hata balbu. Katika miaka ya 1970 Peter Morgan, akiwa katika maabara ya utafiti ya Blair, alitafuta namna ya kuondoa harufu na nzi katika choo cha shimo kijijini. Alichofanya ni kupitisha bomba refu kutoka shimoni hadi juu ya paa, akaziba mdomo wake kwa wavu laini, na kukijenga kibanda kiwe na giza, mara nyingi kwa ukuta unaojizungusha kama konokono ili kisihitaji mlango. Upepo unaovuma juu ya bomba hunyonya hewa ya shimoni na harufu hutokea juu badala ya kumjia mtumiaji. Nzi aliyezaliwa shimoni hufuata mwanga, na kwa kuwa kibanda kina giza, mwanga anaouona ni ule wa juu ya bomba. Hupanda, hugonga wavu na kufia hapo. Hapo ndipo watu wengi hukosea kwa nia njema. Huweka dirisha kubwa ili choo kiwe na mwanga, au hufunika tundu kwa kifuniko ili kiwe "safi". Dirisha huwarudisha nzi ndani ya kibanda, na kifuniko huzuia hewa inayotakiwa kushuka shimoni. Serikali na mashirika mengi ya Afrika yameufuata mfano huo, na mwaka 2013 Morgan alitunukiwa Tuzo ya Maji ya Stockholm.

Hapa Oman watu huweka majokofu ya maji nje ya kuta za nyumba na misikiti ili mpita njia anywe, nasi tunaita sabili. Je, Ulaya kuna kitu cha namna hiyo, au maji yao ni ya kununua tu? — Msomaji, Muscat

Kipo, na kwingine kina umri mkubwa. Roma ina mabomba ya chuma cha kusubu yaliyoanza kusimikwa mitaani mwaka 1874, na sasa yako kama 2,500. Mgeni huyaona yakitiririka mchana na usiku akadhani ni uzembe, na kwa kweli kiasi fulani cha maji hupotea, lakini kutiririka huko huyazuia maji yasilale ndani ya mabomba. Wageni wengi huinama kunywa kutoka chini ya mdomo wa bomba na kulowa nguo. Mwenyeji huziba mdomo huo kwa kidole, na maji hupata njia kwenye kitundu kilichotobolewa juu yake, yakaruka kwa mkunjo hadi usawa wa kinywa. Kitundu hicho kimoja kimeokoa kazi ya kikombe.

Paris walianza miaka miwili kabla, mwaka 1872, baada ya vita na kuzingirwa kwa mji kuharibu mifereji ya maji hadi maskini wakaona pombe ni rahisi kuipata kuliko maji safi. Tajiri wa Kiingereza aliyeishi humo, Richard Wallace, alilipia mabomba ya kunywea ya chuma, ya rangi ya kijani, yenye sanamu za wanawake wanne. Yalikuwa na vikombe vya bati vilivyofungwa kwa mnyororo, navyo vikombe hivyo vikaondolewa mwaka 1952 kwa sababu za afya. Sabili yako ina heri ya jokofu, jambo ambalo Roma hawana.

Mama yangu hakusoma. Kila akija Dar es Salaam lazima mtu amsindikize kituoni. Katika miji mikubwa ya wenzetu, watu kama yeye wanafanyaje? — Msomaji, Tabora

Mji uliolifikiria jambo hili kwa dhati ni Mexico City. Treni zake za chini ya ardhi zilipoanza mwaka 1969, wakati wakazi wengi walikuwa hawajui kusoma, kila stesheni ilipewa jina na pia picha yake. Mbunifu Lance Wyman na wenzake walichagua picha zenye asili katika mahali penyewe. Stesheni ya Chapultepec ina panzi, kwa kuwa jina hilo katika lugha ya Kinahuatl lina maana ya kilima cha panzi. Coyoacán ina mbweha wa huko aitwaye koyote. Pino Suárez ina hekalu dogo la Waazteki lililofukuliwa wakati reli ikichimbwa. Kila njia ya treni ina rangi yake. Bibi anaambiwa apande ya waridi na ashuke kwenye panzi, basi. Picha hizo bado zipo hadi leo, ingawa watu wengi sasa wanasoma, kwa sababu mtalii asiyejua Kihispania amekuwa naye hajui kusoma.

Hapa kwetu tuna nusu ya wazo hilo. Daladala za Dar es Salaam zina mistari ya rangi inayoonyesha njia, na mzee asiyesoma anaweza kufundishwa rangi za gari lake kwa siku moja. Vituo ndivyo visivyo na alama ya kuonekana. Mtu hutegemea sauti ya kondakta, na kondakta hutaja kituo pale anapojisikia. Mwelekeze mama yako rangi, na umtajie jengo au mti anaoufahamu wa kushukia badala ya jina la kituo.

Kwa nini mifuniko ya mashimo ya maji taka barabarani ni ya mviringo? — Msomaji, Kampala

Kwa sababu mfuniko wa mviringo hauwezi kutumbukia katika tundu lake hata ukigeuzwa vipi, na mfuniko wa mraba ukisimamishwa kwa pembe unatumbukia. Tena unaviringishwa na mtu mmoja.

Shule yetu haina bomba, na tumeambiwa tutengeneze vibuyu chirizi kando ya vyoo. Tupeni vipimo, na mtueleze kwa nini visitumike ndoo na kata kama zamani. — Mwalimu, Singida

Mwalimu, kata inashikwa na kila mkono unaotoka chooni, na mkono wa mwisho huchukua uchafu wa yote iliyotangulia. Kibuyu chirizi, ambacho wazo lake lilienezwa kutoka Zimbabwe katika miaka ya 1980, huendeshwa kwa mguu, kwa hiyo mkono haugusi kitu isipokuwa maji na sabuni.

Tafuteni miti miwili yenye panda, ya urefu wa mita 2, mkaichimbie nusu mita ardhini kwa umbali wa sentimita 70. Mlaze ufito juu ya panda baada ya kuupitisha katika mpini wa dumu la lita 5. Pasheni msumari moto mkatoboe tundu moja mbele ya dumu, sentimita 12 hivi chini ya kifuniko; mkitoboa chini zaidi, maji yatavuja hata dumu likiwa limetulia. Fungeni kamba shingoni mwa dumu, na ncha yake ya pili muifunge kwenye kijiti kinacholala chini kama kanyagio. Mtoto akikanyaga, dumu huinama na kutoa uzi mwembamba wa maji. Akiondoa mguu, hurudi lenyewe. Kifuniko kilegezwe kidogo ili hewa iingie, la sivyo maji yatatoka kwa kusitasita.

Kwa madarasa ya awali fupisheni miti, kwa maana dumu lililo juu ya kichwa cha mtoto humwagia maji usoni naye hatarudi tena. Chini ya dumu chimbeni shimo la kina kifupi mkalijaze kokoto, vinginevyo mtapata tope na mbu. Sabuni itobolewe katikati, ipitishwe kamba na itundikwe kwenye ufito uleule, ikifunikwa kwa kopo lililopinduliwa ili mvua isiimalize. Wekeni zamu ya kujaza maji asubuhi kabla ya kengele, na majina ya wenye zamu yabandikwe ubaoni.